Kwa Miguu Katika Jiji la Brussels: Mawe Haya ni Jasho la Nani?

Katika toleo hili tunawaletea habari za matembezi yetu katika jiji la Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Sisi wajumbe wanne, wawili wa Logiri, mmoja wa Arua mjini na mmoja wa Koboko, tulihudhuria semina ya wafanyakazi huko mapema mwezi wa Januari. Semina ilikwisha siku ya Ijumaa, na safari ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Kwa hiyo tulikuwa na siku mbili za kuutazama mji. Posho yetu haikuwa ya kuchezea kwenye teksi, basi tukaamua kwenda kwa miguu. Wahenga walisema, tembea uone.

Huenda msomaji akauliza: Brussels inamhusu nini mkulima wa tumbaku wa Logiri au mwalimu wa Koboko? Inamhusu sana. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, nchi ya ukingo wa magharibi wa Nile. Sehemu aliyoishika iliitwa Lado, na nchi yetu ya Arua na Koboko ilikuwa ndani yake. Mkataba ulisema aitawale muda wa uhai wake tu. Alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikatiwa chini ya Sudan. Kufikia mwaka 1914 sehemu yetu ilikuwa imehamishiwa Uganda. Hivyo katika miaka ishirini wazee wetu walibadilishiwa mabwana mara tatu, wala hakuna aliyewauliza. Mpaka unaopita Vurra ni alama ya mambo hayo hadi leo. Unafuata mgongo wa nchi, mahali maji yanapogawanyika: mvua ya upande mmoja hushukia Nile, ya upande wa pili hushukia Kongo. Maji yana sababu ya kuachana. Watu wa Aru na wa Arua, ambao lugha yao ni moja, hawakuwa na sababu yoyote.

Tuanze na baridi, maana ndiyo ilitupokea kwanza. Kwetu Januari ni kiangazi, jua kali na vumbi. Brussels mwezi huo jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na ifikapo saa kumi na moja jioni limekwisha kutua. Theluji haikuanguka, bali mvua nyembamba yenye upepo ilitunyeshea bila kukoma, na mawe yaliyopangwa barabarani yalikuwa yakiteleza. Tulivaa soksi mbili mbili na makoti ya kuazima. Tuliwaona watu wa huko wakienda mbio mbio, mikono mifukoni, bila kusalimiana. Mwanzoni tulidhani ni ukosefu wa adabu. Baada ya saa moja nje, sisi wenyewe tulikuwa tukienda hivyo hivyo.

Tulianzia karibu na stesheni ya kaskazini, mahali zilipo ofisi za Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wafanyakazi. Shirikisho hilo liliundwa mwaka 2006, lakini kabla yake lile la zamani, ICFTU, nalo lilikuwa na makao yake Brussels. Wazee wa vyama watakumbuka kwamba ICFTU ndiyo iliyofungua chuo cha wafanyakazi Kampala mwaka 1958. Kutoka hapo tulishuka mpaka uwanja mkuu wa mji, Grand-Place.

Uwanja huo unapendeza kwa kweli. Jumba la halmashauri ya mji lina mnara wa mita 96. Nyumba zilizouzunguka uwanja, zenye nakshi za dhahabu, zilikuwa mali ya vyama vya mafundi: waoka mikate, wapika pombe, wachinjaji, mabaharia wa mtoni. Mwaka 1695 jeshi la Ufaransa liliupiga mji kwa mizinga na nyumba karibu zote za uwanjani zikaangamia. Mafundi wakajenga upya katika miaka michache, kila chama na nyumba yake. Moja ya nyumba hizo ni ile ya wachinjaji, iitwayo Cygne, yaani Bata Maji. Ndani yake mwaka 1885 kilianzishwa Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji. Tulisimama mbele yake kwa heshima, mvua ikitudondokea.

Karibu na hapo ipo sanamu maarufu ya kitoto cha kiume kikikojoa. Ni kadogo sana, lakini kana nguo zaidi ya elfu moja, ambazo hukavisha siku za sherehe. Siku yetu kalikuwa uchi katika baridi ile. Mwenzetu wa Koboko alisema hajapata kuona mtu mwenye sanduku kubwa hivyo la nguo akikaa nje bila shati.

Baadaye tulitafuta Nyumba ya Umma, Maison du Peuple. Wafanyakazi wa Brussels waliijenga kwa fedha zao za ushirika, na ilifunguliwa mwaka 1899. Aliyeichora ni Victor Horta, fundi mashuhuri wa majumba. Ilikuwa ya chuma na vioo, yenye mkahawa chini na ukumbi wa mikutano juu, ili mfanyakazi aliyelala katika chumba cha giza apate walau mahali pa mwanga. Hatukuiona. Ilibomolewa mwaka 1965, na mahali pake limesimama ghorofa la maofisi. Uwanja ulio jirani una jina la Emile Vandervelde, kiongozi wa chama hicho cha wafanyakazi. Jina hilo lastahili kukumbukwa Afrika pia. Vandervelde aliupinga bungeni utawala wa Leopold wa Kongo. Mwaka 1909 alisafiri mpaka Kongo kumtetea mahakamani William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi aliyeshtakiwa kwa kuandika juu ya dhuluma za kampuni ya mpira. Sheppard akaachiwa huru. Hivyo tusiseme kwamba Wabelgiji wote walikuwa kitu kimoja na mfalme wao.

Tukapanda mlima kuelekea jumba la kifalme. Kando yake ipo sanamu kubwa ya Leopold wa Pili juu ya farasi, iliyowekwa mwaka 1926. Sisi watu wa Lado tulimtazama bwana wetu wa zamani, naye alikuwa akitazama juu ya vichwa vyetu. Kwenye sanamu pameandikwa kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo, na vilitolewa bure na kampuni ya Union Minière ya Katanga. Neno hilo "bure" tulilizungumza kwa muda mrefu. Kampuni haichimbi shaba. Wachimbao ni watu. Desemba 1941 wachimbaji wa kampuni hiyo hiyo waligoma mjini Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, wakidai mishahara inayotosha. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Kiongozi wao Léonard Mpoyi aliuawa hapo pamoja na wengine wengi. Kwa hiyo shaba hiyo haikuwa ya bure. Iliyotolewa ni mali, na bei yake walilipa wengine.

Hatua chache kutoka hapo tulifika kwenye uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Kabla ya siasa Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, akaongoza jumuiya ya watumishi wenzake wa posta. Basi naye ni mwenzetu. Aliuawa Januari 1961, na mwili wake ukaharibiwa ili usionekane tena. Jino lake moja, lililochukuliwa na afisa wa polisi wa Kibelgiji, lilirudishwa kwa jamaa zake mwaka 2022. Mfalme ana farasi wa shaba. Lumumba ana kibao cha jina pembeni mwa barabara. Hata hicho kibao Wakongo wa mjini hapo walikidai kwa miaka mingi.

Nyuma ya uwanja huo unaanza mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Hapo tulisikia Kiswahili. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo na samaki wakavu alitusikia tukizungumza, akauliza, "Bandugu, munatoka wapi?"

"Tunatoka Arua, mama."

"Arua! Basi tuko majirani. Miye nilizaliwa Aru, ng'ambo ya Vurra."

Akatusalimu kwa Kilugbara, akatuketisha karibu na hita, akatupa chai. Alitueleza kwamba kwa miaka mingi alifanya kazi ya kufagia maofisi usiku, na kwamba ni chama cha wafanyakazi kilichomsaidia kupata malipo ya likizo yaliyokuwa yakizuiliwa. Hatukuona kitu kizuri kuliko chai hiyo katika mji mzima.

Jumapili tulikwenda mpaka bustani ya Cinquantenaire, penye lango kubwa la matao matatu lililokamilishwa mwaka 1905. Leopold alilijengea kwa fedha za Kongo, huku akificha zilikotoka. Kutoka hapo tuliifuata barabara ya Tervuren, kisha tukapanda tramu namba 44 ipitayo msituni. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897. Katika maonyesho hayo Leopold aliwaleta Wakongo 267, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watu wawatazame. Watazamaji zaidi ya milioni moja walikuja. Ulikuwa msimu wa joto, lakini mwaka huo ulikuwa wa mvua na baridi, na saba kati yao wakafa. Wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren. Tulikwenda kwenye makaburi yao kabla ya kuingia makumbusho. Majina yao ni haya: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mzee wetu wa Logiri aliyasoma kwa sauti, akavua kofia, ingawa baridi ilikuwa kali.

Ndugu wafanyakazi, tumejifunza nini? Kwanza, miji mizuri haikuota kama uyoga. Imejengwa kwa kazi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kwetu bila malipo na chini ya kiboko. Pili, lango la mfalme bado limesimama na nyumba ya wafanyakazi imebomolewa. Anayetaka kukumbukwa hana budi kulinda kilicho chake. Tatu, kati ya maelfu na maelfu waliogema mpira na kubeba pembe za ndovu, ni wachache mno wanaojulikana kwa majina. Wale saba wanajulikana kwa sababu mtu fulani aliyaandika.

Hapa kwetu je? Baba na babu zetu waliondoka West Nile kwa maelfu kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengine walirudi, wengine walizikwa huko huko. Nani ameyaandika majina yao? Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ni zaidi ya mali. Tunapendekeza kila tawi la chama, kuanzia Logiri mpaka Koboko, linunue daftari moja. Katibu awatembelee wazee walio hai, aandike jina la kila aliyekwenda, mwaka aliokwenda, shamba alilofanyia kazi, na mshahara aliolipwa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala viza. Yahitaji kalamu, na miguu ya kutembea nyumba kwa nyumba.