Simu ya Afisa Inaandika Nini Juu ya Mtoto Wako?



Wengi wenu munaniuliza: "Mwalimu, yule dada wa ulinzi wa watoto anaandika nini katika simu yake? Si tutakatwa posho?" Kwa hofu hiyo wengine wanamficha mtoto wa jirani wanayemlea tangu njiani.

Zamani kesi zote ziliandikwa kwa karatasi. Karatasi inanyeshewa, inapotea. Afisa akihama, mtoto anaanza kueleza upya. Mwanafunzi wangu mmoja alieleza habari yake mara tatu. Mara ya nne alinyamaza tu, akaangalia chini.

Ndiyo maana mwaka 2005 UNICEF, Save the Children na IRC walianzisha utaratibu wa pamoja wa kutunza kesi za watoto kwenye kompyuta. Leo kazi hiyo inafanyika hata kwa simu. Afisa anaandika nyumbani kwako hata pasipo mtandao, na habari zinatumwa akipata mtandao. Faida nyingine ni kutafuta ndugu. Wakati wakimbizi wa Kongo walipoingia Uganda kwa wingi mwaka 2012, huko ilijaribiwa programu ya simu iitwayo RapidFTR, ya kuandikisha watoto waliopoteana na wazazi, pamoja na picha zao.

Sasa mujue haki zenu. Faili ya ulinzi si orodha ya posho. Inafungwa kwa neno la siri, kesi inapewa namba, na si kila mfanyakazi anaruhusiwa kuisoma. Kabla ya kuandika, afisa anapaswa kuwaomba ruhusa, mzazi na mtoto pia, kwa lugha munayoelewa. Muulize: Unaandika nini? Kwa sababu gani? Nani atasoma? Kuna neno ambalo hutaki liandikwe au lipelekwe kwingine? Sema. Lakini kama maisha ya mtoto yako hatarini, afisa analazimika kuwaambia wanaoweza kumwokoa.

Na sisi majirani tusipige picha ya mtoto aliyeumizwa na kuirusha kwa simu zetu. Hiyo haina neno la siri.

Mwisho, simu haioni mtoto aliyefichwa. Mtu ndiye anaona. Ukiwa na wasiwasi, nenda ofisi ya ulinzi wa watoto ukaulize. Kuuliza si ujinga.