Mtu wa Dawati la Nyuma

Nyuma ya darasa la kidato cha pili, kwenye dawati lililochongwa majina ya waliopita, ameketi mtu mzima mwenye fomu mapajani. Wanafunzi walisimama kumwamkia kama mwalimu. Huko chuoni anaitwa daktari. Mbele, mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anatokwa jasho. Andalio lake la somo ni safi, zana zipo, lakini ubaoni ameandika kuwa (a + b)² ni sawa na a² + b². Mkaguzi wake akisimama kusahihisha, atamvunjia heshima mbele ya watoto. Akinyamaza na kujaza fomu, darasa zima litatoka na kosa daftarini.

Mtu huyu ni nani kazini? Kiswahili chenyewe kimemgawa: wa chuo cha ualimu ni mkufunzi, wa chuo kikuu ni mhadhiri. Mwaka 2005 Tanzania iligeuza vyuo viwili vya ualimu, Chang'ombe jijini Dar es Salaam na Mkwawa mjini Iringa, kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: DUCE na MUCE. Kibao cha getini kikabadilika, na kipimo cha mtu nacho. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala majaridani. Vumbi la kuzungukia shule za wilayani halina jarida.

Lakini mwenye utata mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, hayupo kitivo cha elimu. Ni mhadhiri wa kemia au hisabati katika vyuo hivyo. Mwulize kazi yake, atasema mwanakemia, ilhali wengi wanaomsikiliza wanakwenda kushika chaki, na watafundisha kwa kumwiga yeye kabla ya kukumbuka somo la mbinu. Mwaka 1986 Lee Shulman, Mmarekani, aliandika juu ya maarifa yaliyo kati ya kujua somo na kujua kufundisha: kujua somo hilo linafundishikaje, na mwanafunzi hujikwaa wapi. Nani ayafundishe hayo? Kila kitivo humnyooshea kidole mwenzake.

Yule wa dawati la nyuma hakusimama. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza itakuwaje a ikiwa 2 na b ikiwa 3. Darasa likapiga hesabu: upande mmoja 25, wa pili 13. Mwanachuo akautazama ubao, akacheka kidogo, akachukua dasta.