Mwendesha Baiskeli Aliyegongwa na Gari: Fidia, Nyaraka na Subira ya Kupona

Katika kata ya Bungu, wilayani Kibiti, baiskeli ni chombo cha kazi. Ndiyo ibebayo nazi, mihogo na maembe kutoka shambani hadi kando ya barabara kuu, na ndiyo impelekayo fundi kwenye kazi yake na mwanafunzi shuleni. Barabara hiyo, itokayo Dar es Salaam kuelekea Lindi na Mtwara, hupita katikati ya makazi ya watu, na mabasi, malori na bodaboda hugawana lami na baiskeli zilizosheheni mizigo. Mtu aliyeendesha baiskeli hapo kwa miaka ishirini huzijua kona na nyakati za hatari. Hata hivyo, uzoefu wake hauwezi kulizuia gari linalomjia kwa nyuma.

Makala hii inaeleza haki za mwendesha baiskeli aliyegongwa na chombo cha moto, na namna ya kuzilinda katika kipindi ambacho majeruhi na jamaa zake huwa wamechoka, wameishiwa fedha na hawana utulivu wa kufikiri. Jambo kuu la kuzingatia ni hili: dai la fidia lisifungwe kabla ukubwa wa jeraha haujajulikana.

Nani anapaswa kulipa?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto kinachotumika barabarani awe na bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo au majeraha yatokanayo na chombo hicho. Hii ndiyo bima ambayo wengi huiita bima ndogo. Pikipiki ya bodaboda nayo imo katika sharti hilo.

Watumiaji wengi hudhani kwamba bima hiyo ni mali ya mwenye gari peke yake, na kwamba asiye na bima hana la kudai. Dhana hiyo si sahihi. Bima ndogo imewekwa mahususi kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule asiyehusika na mkataba lakini akaumizwa na chombo kilichokatiwa bima. Mwendesha baiskeli hahitaji kuwa amewahi kulipa senti moja kwa kampuni yoyote ili awe na haki ya kudai.

Kwa upande wa baiskeli yenyewe na mzigo uliokuwa juu yake, msomaji azingatie kwamba ulazima wa sheria unahusu kifo na majeraha ya mwili. Hasara ya mali italipwa na kampuni iwapo mkataba wa bima wa gari hilo unaigusa. Ikiwa hauigusi, hudaiwa kwa dereva au mwenye gari.

Makubaliano ya haraka

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mchuuzi wa samaki, mwendesha baiskeli wa siku nyingi, anagongwa na gari dogo asubuhi akirejea kutoka upande wa Nyamisati. Anavunjika mfupa wa muundi. Siku ya tatu, mwenye gari anafika hospitalini akiwa na ndugu zake, anaomba radhi, anatoa shilingi 200,000 na kuomba yaandikwe maelezo kwamba pande mbili zimepatana na hakuna anayemdai mwenzake. Familia inaona ni uungwana, na fedha inahitajika. Inasaini.

Sasa tupige hesabu. Iwapo mchuuzi huyo hubakiwa na shilingi 15,000 kwa siku baada ya gharama, na hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, basi miezi mitano ya kukaa nyumbani ni siku 130 za kazi, sawa na shilingi 1,950,000. Hapo hatujagusa nauli za kliniki, dawa, gharama ya msaidizi wa nyumbani, wala ulemavu utakaobaki endapo mguu hautaunga sawasawa. Karatasi iliyosainiwa siku ya tatu huweza baadaye kutolewa kama ushahidi kwamba majeruhi amekwisha kulipwa.

Kupokea msaada si kosa, na suluhu baina ya majirani ni jambo jema. Lakini maandishi yaseme ukweli: kwamba fedha iliyopokelewa ni msaada wa matibabu ya awali, na kwamba dai la fidia linaendelea. Mtendaji wa kijiji au mtu mwingine mnayemwamini anaweza kushuhudia. Asiyejua kusoma asomewe karatasi yote kwa sauti na mtu wa upande wake kabla ya kuweka dole gumba.

Nyaraka za kukusanya

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa majeruhi wa ajali, mali hiyo ni haki yake ya fidia. Uhai hutangulia, hivyo aliyeumia vibaya awahishwe kupata huduma. Wakati huo huo ndugu au jirani mmoja apewe jukumu la kufuatilia yafuatayo:

1. Namba ya usajili wa gari na jina la dereva. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva asimame, atoe msaada na kutoa taarifa polisi. Akitoroka, namba ya gari ndiyo itakayompata.

2. Fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, ambayo hutolewa kituoni na kujazwa na mganga. Hifadhi nakala yake.

3. Taarifa ya polisi wa usalama barabarani, ramani ya ajali na taarifa ya ukaguzi wa gari.

4. Picha za eneo la tukio, za majeraha na za baiskeli. Baiskeli isitengenezwe wala kuuzwa kabla haijapigwa picha na polisi hawajaiona.

5. Majina na namba za simu za walioshuhudia.

6. Jina la kampuni ya bima. Kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), uitwao TIRAMIS, unaweza kuingiza namba ya usajili wa gari na kuona kama lina bima hai, na ni ya kampuni ipi.

Iwapo dereva atashtakiwa, fuatilia kesi hiyo na uombe nakala ya hukumu. Faini anayotozwa dereva huingia serikalini. Haiji kwa majeruhi. Kwa hiyo kumalizika kwa kesi ya barabarani si kumalizika kwa dai lako. Hata hivyo, hukumu inayomtia dereva hatiani ni ushahidi wenye uzito mkubwa mbele ya kampuni ya bima.

Wakati wa kupona

Jeraha la ajali halionyeshi sura yake yote siku ya kwanza. Aliyegonga kichwa anaweza kuzungumza vizuri jioni na kuzidiwa usiku. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege ni sababu za kumrejesha hospitalini bila kungoja asubuhi. Mifupa mirefu ya mguu nayo huchukua miezi kadhaa kuunga, na kufunguliwa plasta ngumu si mwisho wa matibabu, kwani misuli iliyokaa bila kazi huhitaji mazoezi ya tiba. Majeraha mazito ya mifupa, ubongo na uti wa mgongo huweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Waendesha baiskeli wazoefu wana kishawishi chao. Kwa kuwa wamezoea kujitegemea, hurejea kwenye baiskeli mapema, hukatisha kliniki na kusema wamepona. Kitendo hicho huumiza mara mbili: mwili haujakomaa kubeba mzigo, na rekodi ya matibabu inakatika, hata mkadiriaji wa kampuni ya bima akaiona kama ushahidi kwamba jeraha lilikuwa dogo. Hudhuria kila tarehe uliyopangiwa. Weka daftari moja la kuandika siku za kliniki, nauli, dawa, siku ambazo hukufanya kazi na kazi za nyumbani ulizoshindwa kufanya. Hofu inayokujia kila unaposikia honi ya lori nayo ni sehemu ya madhara. Mweleze mganga ili aiandike.

Matibabu yanapofikia mwisho, mwombe mganga taarifa inayoeleza hali uliyobaki nayo, ikiwemo ulemavu wowote wa kudumu. Taarifa hiyo ndiyo kipimo cha fidia, na huo ndio wakati mwafaka wa kuzungumzia kiasi.

“Mwendesha baiskeli ndiye aliyekosea”

Hoja hii huletwa mara nyingi: kwamba baiskeli haikuwa na taa, ilibeba mzigo mpana, au iliingia barabarani ghafla. Hata kama kuna ukweli ndani yake, haifuti dai lote moja kwa moja. Pale makosa yanapokuwa ya pande mbili, fidia hupunguzwa kulingana na mchango wa kila mmoja. Ndiyo maana ramani ya ajali na kauli za mashahidi zina thamani kubwa, na ndiyo maana taa, kiakisi mwanga na mzigo uliofungwa vyema vinamlinda mwendesha baiskeli barabarani na mbele ya kampuni ya bima pia.

Kampuni ikikataa au ikikaa kimya

Peleka dai lako kwa maandishi na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usipokubaliana na jibu, omba sababu za maandishi, kisha wasilisha malalamiko TIRA. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mlango wa mahakama nao uko wazi, lakini una ukomo: chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mazungumzo marefu na kampuni yasikufanye uisahau tarehe hiyo. Ukiamua kufungua shauri, kampuni ya bima ijulishwe mapema kwa maandishi, kwani kukosa taarifa hiyo kunaweza kuipa sababu ya kutolipa hukumu.

Kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo ya mwisho, jiulize maswali matatu. Je, mganga amekwisha kusema nitabaki na hali gani? Je, gharama zote zilizomo daftarini mwangu zimehesabiwa? Je, nimesoma, au nimesomewa, kila mstari? Jibu likiwa hapana kwa swali hata moja, bado hujafika wakati wa kusaini.