Brussels: upepo mkali, shaba ya Katanga na makaburi saba

Anayetoka Lubumbashi kwenda Brussels mwezi wa tatu ajiandae kwa upepo. Siku tuliyotembea mji mkuu huo wa Ubelgiji, bustani zilikuwa zimefungwa kwa hofu ya matawi kuanguka, na miavuli iliyovunjika ilijaa kwenye mapipa ya taka. Lakini kwa Mkongomani kuna njia nyingine ya kutembea, isiyopita kwenye bustani. Inaanzia Matonge.

Mtaa huo, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, uko Ixelles, karibu na Porte de Namur. Upepo ukizidi, watu hujificha ndani ya Galerie d'Ixelles, kwenye saluni za nywele na maduka ya vyakula vya nyumbani. Mama mmoja muuza sombe alituita wanawe, akatuamuru tufunge makoti kwanza ndipo tuulize bei.

Hatua chache kutoka hapo kuna kiwanja kidogo chenye jina la Patrice Lumumba. Kilizinduliwa tarehe 30 Juni 2018, siku ya kuadhimisha uhuru wa Congo. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Juni 2022, ni katika mji huu Ubelgiji iliikabidhi familia yake jino lake, mabaki pekee ya mwili wake.

Ukifuata barabara kuu kwa dakika chache unafika Place du Trône. Hapo mfalme Leopold II amekaa juu ya farasi tangu mwaka 1926. Kibao kwenye sanamu kinaeleza kwamba shaba na bati yake vilitoka Congo, na kwamba vilitolewa bila malipo na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Waliochimba madini hayo hawatajwi. Kwa mtu wa Lubumbashi, maneno hayo yanauma kuliko baridi.

Kituo cha mwisho ni Tervuren, nje kidogo ya mji, kwa tramu namba 44 kutoka Montgomery. Wengi huenda huko kwa ajili ya makumbusho ya Afrika, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Lakini karibu na kanisa la Mtakatifu Yohane kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walisafirishwa hadi Ubelgiji kuonyeshwa kwa watazamaji. Saba hawakurudi: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.

Makumbusho hufungwa Jumatatu, na kuingia ni kwa tiketi. Makaburi hayana tiketi. Wasomaji wetu wenye watoto au ndugu Ubelgiji wanaweza kuwaomba wapite hapo siku moja, hata upepo ukivuma, wawasalimie wazee hao saba kwa majina yao.