Kompyuta Inapokataa Kuamka: Kiamshi cha Linux na Kibodi ya Kifaransa

Wanafunzi wetu wa Lubumbashi wanaoweka Linux katika kompyuta za mkononi zenye Windows hukutana, aghalabu baada ya kazi yote kwisha, na skrini nyeusi yenye maneno mawili: «grub rescue». Shauri wanalopewa upesi ni kufuta diski nzima na kuanza upya. Shauri hilo ni la hatari. Mtafiti wa lugha huenda amehifadhi humo miezi mizima ya sauti alizorekodi, na mara nyingi hakuna hata moja iliyopotea; kilichokatika ni njia ya kuzifikia.

Programu ndogo inayotangulia mfumo wote na kuuita kazini tutaiita hapa kiamshi, kutokana na kitenzi amsha. (Kifaransa hutumia neno lihusulo kutia fataki ya bunduki, sisi tuiache mashine ilale na kuamka.) Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walishughulikia programu za ofisini, si hatua hii ya kuwasha.

Katika mashine za zamani, zitumiazo BIOS, kiamshi huanzia katika baiti 512 za mwanzo wa diski, ambamo 446 tu ndizo zake. Kwa kuwa nafasi hiyo haimtoshi, huita sehemu yake nyingine iliyo kwingineko diskini. Sehemu hiyo ikifutwa au ikihamishwa, kiamshi hubaki kikiita bila kuitikiwa, na ndipo maneno yale mawili hutokea. Katika mashine mpya, zitumiazo UEFI, kiamshi ni faili ndani ya sehemu ndogo ya diski yenye muundo wa FAT. Hapa kosa la kawaida ni kuweka Linux kwa utaratibu wa zamani hali Windows imewekwa kwa ule mpya. Ukiwasha Linux kutoka kwenye flashi, tafuta folda «/sys/firmware/efi». Isipokuwepo, umeingia kwa utaratibu wa zamani: zima, kisha uchague upya flashi kwa njia ya UEFI.

Tuseme sasa mtu yuko mbele ya «grub rescue». Aandike «ls» ili aone sehemu za diski, kisha aichunguze moja moja mpaka aione yenye folda ya «/boot/grub». Ikiwa ni ya tano, ataandika:

set prefix=(hd0,gpt5)/boot/grub
insmod normal
normal

Hapo ndipo wengi wetu hukwama, na kosa si lao. Kibodi zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, lakini kiamshi katika hali hii husoma vitufe kana kwamba ni vya Kimarekani. Anayebonyeza M hupata nukta-mkato, na anayebonyeza A hupata Q; basi neno «normal» haliandikiki, na mwanafunzi huamini kwamba amri zenyewe ni mbovu. Ili kupata a, bonyeza kitufe cha Q. Ili kupata m, kitufe cha mkato. Mkato wenyewe uko kwenye kitufe cha nukta-mkato, na mstari wa mlalo / uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao. Mabano hupatikana kwa Shift pamoja na vitufe vya 9 na 0. Tarakimu huandikwa bila Shift. Alama ya = haikuhama.

Linux ikiamka, kazi haijakwisha, kwani marekebisho hayo hupotea mashine ikizimwa. Katika Debian na Ubuntu, kwa mamlaka ya msimamizi, toa amri «grub-install», kisha «update-grub». Kwa mashine ya BIOS taja diski nzima, mathalani «/dev/sda», wala si sehemu yake. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, jaza betri kabla ya kugusa chochote.