Maana za 'take' na mzigo tunaomtwika 'chukua'

BIBI mmoja, jirani yetu hapa Junda, Kisauni, alikwenda zahanati asubuhi moja kwa ajili ya kikohozi kilichokuwa kimemganda kwa majuma mawili. Akapimwa, akaandikiwa vidonge, akafika kwenye dirisha la dawa. Kijana mtoa dawa akamkabidhi bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3, akamwambia kwa adabu zote: "Nyanya, utakuwa unachukua hizi mara tatu kwa siku." Bibi akashukuru, akapanda tuktuk, akaenda zake.

Saa saba mchana, jua la utosini, bibi yule yule akarudi dirishani. "Mwanangu, n'mekuja tukua za mtana," akasema.

Waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Nilikuwa miongoni mwao, na nakiri kwamba nami nilitabasamu. Lakini nilipomuuliza kama alikuwa amekunywa kidonge cha asubuhi, jibu lake lilinikausha kicheko: "Hakunambia ninywe. Kanambia n'tukue. N'metukua, vimo mkobani."

Msomaji, hebu tujiulize: nani aliyekosea? Bibi alifuata agizo neno kwa neno. Kijana naye hakuwa na nia mbaya wala uzembe. Alichokuwa akikisema kilikuwa Kiswahili kwa sauti, lakini mawazo yalikuwa ya Kiingereza: 'take these three times a day'. Alipofika kwenye 'take', akaokota neno la kwanza analolijua kuwa ndilo maana yake, 'chukua', akaendelea na kazi yake.

Kwanza tumtazame 'take' mwenyewe. Kiingereza kina vitenzi vichache vifupi vinavyofanya kazi ya jeshi zima: 'get', 'set', 'run', 'go', 'make' na 'take'. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford English Dictionary wameorodhesha maana zaidi ya 600 za 'run' peke yake. 'Take' hayuko mbali katika mashindano hayo.

Ajabu ni kuwa 'take' si mzaliwa wa Uingereza. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi chao, 'niman', ambacho ndugu yake wa Kijerumani, 'nehmen', angali hai hadi leo. 'Take' aliletwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kulowea Uingereza, ambao katika lugha yao walisema 'taka'. Isikuchanganye na 'taka' yetu. Kufanana huko ni sadfa tu. Mgeni huyo alimfukuza mwenyeji nyumbani, na kwa karne nyingi akazidi kujitwalia kazi ambazo zamani zilikuwa na vitenzi vyake.

Sasa angalia jinsi Kiswahili kinavyozigawa kazi hizo hizo:

'Take a bath' ni kuoga, au kukoga kama tusemavyo Mombasa. 'Take a seat' ni kuketi, au kukaa kitako. 'Take a photo' ni kupiga picha. 'Take a bus' ni kupanda au kuabiri basi. 'Take an exam' ni kufanya mtihani. 'Take an oath' ni kula kiapo, na 'take a bribe' ni kula hongo. 'Take revenge' ni kulipiza kisasi. 'Take a walk' ni kutembea au kupunga upepo. 'Take aim' ni kulenga shabaha. Ndege iki-'take off' imepaa, lakini mtu aki-'take off' shati amelivua.

Katika orodha hiyo yote, 'chukua' hajatajwa hata mara moja. Na hilo si kwa sababu Kiswahili hakina vitenzi vyenye maana nyingi. Tunavyo, tena vya kutosha. Mtazame 'piga': tunapiga simu, pasi, deki, hodi, mbizi, kura, chafya na magoti. Mgeni akitafsiri "alimpigia babake simu" neno kwa neno, atadhani mtoto amempiga mzazi wake kwa chombo cha chuma. Mtazame 'la' katika kula kiapo, kula njama, kula hasara. Kila lugha ina vitenzi vyake vya kubeba mizigo mingi. Tatizo huzuka tunapochukua shehena ya kitenzi cha lugha moja na kuipakia yote kwenye mgongo wa kitenzi cha lugha nyingine.

Je, 'chukua' mwenyewe ana kazi gani? Maana yake ya msingi ni kubeba au kushika kitu na kwenda nacho. Ndiyo maana anayebeba mizigo ni mchukuzi, na wizara inayosimamia usafiri ina neno 'Uchukuzi' katika jina lake. Bibi yetu husema 'tukua' kwa kuwa katika Kimvita 'ch' ya Kiunguja mara nyingi huwa 't': macho ni mato, mchana ni mtana. Kikao cha mwaka 1928 kilichokipitisha Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kilifanyika papa hapa Mombasa, na tangu hapo 'tukua' amebaki majumbani na kwenye tungo, huku 'chukua' akitawala vitabuni.

Kutokana na maana hiyo ya kubeba, kitenzi hiki kimezaa nyingine zilizo zetu kabisa. Matatu "yachukua watu kumi na wanne", yaani ndio uwezo wake. Nguo "imemchukua" mtu, yaani imemkaa vizuri. Mtoto "amechukua" sura ya babake. Kijana "anachukua" wazazi wake, yaani anawakimu. Mwanamke "amechukua mimba". Watu wanaoishi kwa masikizano "wanachukuana", na wenye subira "wanachukuliana". Hakuna kati ya hizi iliyohitaji msaada wa Kiingereza.

Hapa ndipo baadhi ya walimu wetu wa lugha hupitiliza. Wakishagundua kuwa neno fulani limefanana na la Kiingereza, hulipiga marufuku papo hapo. Mimi sioni hivyo. Chukua mfano wa "safari ilichukua saa tatu". Wapo wanaosema hiyo ni tafsiri sisisi ya 'take'. Huenda Kiingereza kiliisukuma, lakini maana hiyo imeota kwenye shina letu wenyewe: kama matatu ichukuavyo abiria, ndivyo safari ichukuavyo saa. Msikilizaji haachwi njia panda.

Mfano mwingine ni "chukua hatua". Hapo kale tulikuwa na "piga hatua" tu. Leo tuna zote mbili, nazo zimegawana kazi. Nchi iliyopiga hatua imeendelea; serikali iliyochukua hatua imetenda jambo dhidi ya tatizo fulani. Lugha imepata faida bila kupoteza kitu. Wa kufukuzwa yuko wapi hapo?

Lakini sasa msikilize mtangazaji anayesema: "Mkutano ulichukua nafasi katika uwanja wa shule." Kwa Kiswahili, kuchukua nafasi ni kujaza mahali, au kushika cheo cha mtu aliyeondoka. Je, mkutano ulijaza uwanja wote? Au ulikuja badala ya kitu kingine? Msemaji alikuwa na 'take place' kichwani, na Kiswahili kina maneno yake tayari: mkutano ulifanyika, ajali ilitokea, maajabu yalitukia. Hapa tumepoteza maneno matatu mazuri, tukapata utata.

Au mwenyeji anayekuambia: "Karibu uchukue chai." Mzee wa Pwani anaweza kukujibu kwa utani: "Niichukue niipeleke wapi?" Chai hunywewa. Huku kwetu hata kitenzi hakihitajiki. Ukisema "karibu chai" umeshaeleweka.

Basi napendekeza kipimo chepesi ambacho hata mtoto wa shule anaweza kukitumia. Unapotaka kusema 'chukua', jiulize: kitendo kikiisha, kile kitu kiko wapi? Kikiwa mkononi, mkobani, begani au garini, sema chukua bila wasiwasi. Kikiwa tumboni, mtu amekunywa, amekula au amemeza. Kikiwa juu ya ngozi, amepaka. Kikiwa jichoni au sikioni, ametia. Na ikiwa hakuna kitu chochote cha kushikwa, kama vile mkutano, mtihani au kuoga, basi tafuta kwanza kitenzi chenyewe kabla ya kumsumbua 'chukua'. Vighairi vitakuwapo, kama hivyo vya muda na hatua, lakini kipimo hiki kitakuokoa mara nyingi.

Kwenye chai au mkutano, kosa likifanyika tutacheka na kwenda zetu. Kwenye dawa hatuwezi. Na tatizo la dawa ni kubwa kuliko kisa cha bibi mmoja, kwa sababu kwenye zahanati zetu "kuchukua dawa" tayari ina maana yake kamili: kwenda kupokea dawa dirishani. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ana tarehe yake ya kwenda kuchukua dawa. Mwenye kisukari au presha anayo yake. Mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye tiba ya kawaida humtaka anywe dawa kila siku kwa muda wa miezi sita, naye vilevile.

Sasa fikiria mhudumu anamuuliza mgonjwa kama huyo: "Umekuwa ukichukua dawa?" Mgonjwa anajibu: "Naam, kila mwezi nachukua." Hajadanganya. Alifika kila tarehe, akapokea, akaondoka nazo. Mhudumu anaandika kuwa mgonjwa anafuata matibabu. Lakini je, alizinywa? Swali hilo halikuulizwa. Mgonjwa anayeruka dozi za kifua kikuu yumo hatarini ya kupata ugonjwa sugu usiosikia dawa za kawaida, na anaweza kuwaambukiza walio nyumbani. Neno moja lisilo mahali pake limeuficha ukweli mbele ya macho ya wote wawili.

Na pale mtoa dawa anapoachana na 'chukua', kuna mtego mwingine unaomngojea: saa. Kiingereza kikisema 'every eight hours', mhudumu hutafsiri "kila saa nane". Kwa Mswahili, saa nane ni wakati maalumu: mchana baada ya adhuhuri, au usiku wa manane. Anayesikia "kunywa kila saa nane" ana haki ya kunywa mara moja tu, saa nane ikigonga. Neno dogo 'baada' ndilo linaloziba pengo: kila baada ya saa nane. Bora zaidi, mtajie nyakati zenyewe.

Wahudumu wetu hatuwalaumu. Wamesomea utabibu kwa Kiingereza, vitabu vyao ni vya Kiingereza, na maandishi ya kwenye pakiti ni ya Kiingereza. Wanafika dirishani wakiwa na mlolongo wa watu mbele yao, na inawabidi watafsiri papo kwa papo bila kufundishwa kutafsiri. Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana kubwa iwapo unaishia kwenye hotuba na mitihani, ukashindwa kufika kwenye dirisha la dawa. Vyuo vya afya vingeweza kutenga vipindi vichache tu vya Kiswahili cha kazi: kunywa, kumeza, kutafuna, kumung'unya, kupaka, kutia matone, kusukutua, kuvuta kwa pua. Vitenzi hivi vyote tunavyo. Kila kimoja kinamwambia mgonjwa njia ambayo dawa inapitia mwilini, jambo ambalo 'take' ya Kiingereza haisemi.

Kwa hakika, hapo Kiswahili kimekizidi Kiingereza. 'Take this medicine' haimwambii mtu kama dawa ni ya kunywa au ya kutafuna. Lazima maelezo mengine yafuate. Tukimgeuza 'chukua' kuwa 'take', tunaacha chombo chenye makali tulichonacho na kuazima butu la jirani.

Nasi wagonjwa na jamaa zao tuna wajibu wetu. Ukipewa dawa usione haya kuuliza: "Nizinywe vipi? Kabla ya chakula au baada? Saa ngapi?" Ukimsindikiza mzazi wako, mwambie akurudilie agizo kwa maneno yake mwenyewe kabla hamjaondoka dirishani. Lau kama mtu angemwomba bibi arudie alichoelewa asubuhi ile, asingekuja tena na jua la saa saba kwa tuktuk ya pili.

Kijana yule, kwa sifa yake, hakucheka na wenzake. Alitoka nje ya chumba chake, akamketisha bibi kwenye benchi, akamletea maji kwenye kikombe. "Bibi," akamwambia, "kunywa kimoja sasa hivi nikuone. Kingine ukinywe usiku ukishakula. Kesho kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, hadi viishe vyote."

Bibi akanywa, akafuta midomo kwa ncha ya leso. "Sasa ndiyo umesema," akamjibu.