Mzunguko wa nje mwisho: mpangilio wa kukata kwenye CNC unaookoa oda yako

Wadau wa biashara za mtandaoni, leo tuongee sisi tunaouza vitu vya mbao: vibao vya majina ya maduka, namba za vyumba vya gesti, saa za ukutani. Mimi niko Buzwagi, Kahama, na mambo ya CNC nimejifunza mwenyewe. Uwe na mashine yako au unapeleka kazi kwa fundi, kuna jambo moja linaloamua bodi itoke oda au itoke kuni: kipi kikatwe kwanza na kipi mwisho.

Bodi nzima ya MDF ni milimita 1220 kwa 2440. Ikiharibika katikati ya kazi, hela imeenda, na mteja ameshalipa advansi anasubiri mzigo wake.

Shika hili kwanza: kipande kikishaachia bodi, hakuna kinachokishika. Mashine haioni kama kimecheza. Itaendelea kuchonga palepale ilipoambiwa, hata kama herufi zinapinda au biti inavunjika. Kwa hiyo mkato unaoachia kipande ndio unakuwa wa mwisho.

MPANGILIO NINAOUTUMIA
1. Herufi, nembo na sehemu za kuchimba bila kutoboa.
2. Matundu ya skrubu.
3. Mikato ya ndani, mfano katikati ya herufi O.
4. Mzunguko wa nje.

Kwenye programu kama VCarve, ukihifadhi njia zote kwenye faili moja, zinafuatana kama zilivyo kwenye orodha, ya juu inaanza. Usiamini orodha ilivyojipanga yenyewe. Ipange, kisha angalia onyesho la kazi kwenye skrini kabla hujawasha mashine.

Kwenye mzunguko wa nje acha vishikizo vidogo vya mbao, utavikata kwa mkono na kupiga msasa. Kama bodi ina vipande vidogo na vikubwa, anza na vidogo wakati bodi bado nzima na imetulia.

PANGA KWA BITI
Chukua oda ya vibao 10. Herufi zinataka biti ya V, mzunguko unataka biti ya milimita 6. Ukimaliza kibao kimoja kimoja, utabadilisha biti mara 19. Ukichonga herufi za vibao vyote kwanza, ndipo ukate mizunguko yote, unabadilisha mara 1 tu. Ila kila ukibadili biti, pima upya urefu wake, maana biti hazilingani. Upande wa X na Y usiuguse, la sivyo mzunguko hautakaa sawa na herufi.

UMEME UKIKATIKA
Mashine nyingi ndogo umeme ukirudi hazijui tena ziko wapi. Ndiyo maana nahifadhi kila hatua kama faili yake: herufi peke yake, matundu peke yake, mzunguko peke yake. Pia naweka alama ya kudumu kwenye kona ninayoanzia. Umeme ukirudi narudi kwenye kona ile na kuendelea na faili iliyobaki, sianzi upya. Na kwenye mzunguko, naiambia programu imalize kipande kimoja mpaka chini ndipo ihamie kingine. Umeme ukikatika ukiwa umefika kibao cha 7, vile 6 vimeshaisha, unaweza kuanza kupeleka kwa mteja.

KAMA HUNA MASHINE
Muulize fundi maswali matatu kabla hujalipa:
- Mzunguko wa nje unakata lini? Asiposema mwisho, muulize kipande anakishikaje.
- Unaacha vishikizo? Nani atavisafisha?
- Bodi ikiharibika katikati ya kazi, gharama ni ya nani?

Swali la tatu lijibiwe kwa maandishi, hata kwa meseji ya WhatsApp. Mteja wako wa mtandaoni hamjui fundi, anakujua wewe, na lawama zote zitakuja kwako.

Ukitaka kuhakikisha, jaribu mpangilio wako kwenye kipande cha mabaki kabla ya bodi mpya. Dakika kumi za majaribio ni nafuu kuliko kununua bodi ya pili kwa hela ya faida yako.